Niliyojifunza kwa Liang Shuming, mwalimu aliyekataa kumkana Confucius

Nimetoka kumaliza tasnifu juu ya Liang Shuming, mwanafalsafa na mwalimu wa Kichina aliyezaliwa Beijing mwaka 1893 na kufariki mwaka 1988. Kazi hii imenila miaka, imenila na akiba, na kuna majuma usingizi ulikuwa unanikimbia kwa sababu ya niliyokuwa nayasoma mchana. Kila mwaka vijana wetu wanakwenda China kusoma falsafa na historia. Najua miongoni mwao wapo watakaotaka kuandika habari za wasomi walioandamwa na watawala. Nawaandikia hao, ili wapite wepesi pale nilipopita kwa shida.

Mimi ni mtoto wa wakulima wa kahawa, nimekulia Mbozi. Kilichonivuta kwa Liang ni kwamba mwaka 1924 aliacha kazi Chuo Kikuu cha Peking, na baadaye akaenda kukaa na wakulima. Nilitaka kumjua mtu wa namna hiyo. Tena hakuwa na shahada hata moja. Alimaliza sekondari, akajisomea mwenyewe, akaandika makala juu ya mafundisho ya Buddha. Makala hiyo ilimfikia Cai Yuanpei, mkuu wa chuo, naye akamwita aje kufundisha falsafa ya Kihindi. Alianza mwaka 1917, na baadhi ya wanafunzi waliokaa mbele yake walikuwa karibu rika lake. Mmoja wao alikuwa Feng Youlan, ambaye nitamrudia.

Nianze na lugha, maana ndiyo inayowaangusha wengi. Kichina cha kununulia mboga na cha kusomea magazeti hakikufikishi kwa Liang. Maandishi yake ya ujanani yamejaa Kichina cha kale, na Confucius, mwalimu wa kale wa maadili wa China, anatajwa kila baada ya mistari michache bila kuambiwa amenukuliwa wapi. Chukua somo la Kichina cha kale tangu mwaka wa kwanza hata kama kwenye orodha yako si la lazima. Mkusanyo wa maandishi yake una majuzuu manane, yaliyochapishwa Shandong kuanzia 1989 hadi 1993. Nilinunua seti iliyotumika kwenye duka la vitabu vya zamani, na posho ya mwezi mzima ikaishia hapo. Sijutii, kwa sababu kitabu cha maktaba huwezi kukiandika pembeni, na Liang ni mtu wa kubishana naye ukiwa na kalamu mkononi.

Jambo la pili ni mahali pa kuanzia. Ukisema unaandika juu ya Liang Shuming, kila mtu atakuuliza habari za mwaka 1953, alipobishana na Mao Zedong mbele ya viongozi wa nchi. Kishawishi cha kuanzia hapo ni kikubwa kwa sababu hapo ndipo penye moto. Msimamizi wangu alinizuia. Aliniambia, "Anza na miaka ambayo hakuna aliyekuwa anamtazama." Ilinibidi nitumie muhula mzima kwenye vitu vilivyoonekana havina uhusiano na mateso: makala za Ubudha, mihadhara ya mwaka 1921 juu ya tamaduni za Mashariki na Magharibi, barua, taarifa za vijijini. Nilinung'unika sana kipindi kile. Leo ningemshauri mwanafunzi yeyote afanye hivyohivyo, kwa sababu ukifika 1953 ukiwa humjui, utamwona ni mzee mkaidi tu aliyekosea pa kusimama.

Katika hiyo miaka ya mwanzo kuna jambo lililonishika kuliko yote, nalo linamhusu baba yake. Mzee Liang Ji alikuwa mtumishi wa dola ya kifalme iliyoanguka. Novemba 1918, familia ikijiandaa kusherehekea miaka yake 60, alikuwa anazungumza na mwanawe habari za vita vya Ulaya, kisha akamwuliza kama dunia hii itakuja kuwa njema. Kijana akajibu kwamba anaamini dunia inakwenda kwenye wema siku hadi siku. Mzee akasema ikiweza kuwa hivyo ni vizuri, akatoka. Tarehe 10 mwezi huo alijitosa katika ziwa la Jingye akafa, akiwa ameacha maandishi ya kueleza kwa nini.

Ziwa lenyewe leo linaitwa Xihai, na ukishuka kituo cha treni ya chini cha Jishuitan unafika kwa miguu. Nilikwenda asubuhi moja ya kiangazi. Wazee walikuwa wamekaa kwenye vigoda wakivua samaki, na majani ya mayungiyungi yalikuwa yamefunika maji upande mmoja. Nilikaa pale nikisoma tena ukurasa ule wa mazungumzo ya baba na mwana. Halafu nikampigia baba yangu simu, tukaongea bei ya kahawa na mvua, basi. Nashauri uende mahali ambapo mambo yalitokea, hata kama hakuna jiwe wala kibao cha kumbukumbu. Mwili ukifika, akili husoma tofauti.

Safari niliyoithamini zaidi ni ya Zouping, mkoa wa Shandong. Huko ndiko Liang na wenzake walikofungua taasisi ya kujenga upya vijiji mwaka 1931. Walianzisha shule za kijiji ambazo wazazi na watoto wote walikuwa wanafunzi, wakaanzisha ushirika wa pamba, wakapiga vita desturi ya kufunga miguu ya wasichana ili isikue. Mke wake wa kwanza alifia huko mwaka 1935. Kazi yote ilivunjika mwaka 1937 majeshi ya Japani yalipoingia. Siku hizi kuna treni ya mwendokasi kutoka Jinan, kwa hiyo unaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo, lakini lala huko. Kaburi la Liang liko kwenye kilima cha Huangshan, na asubuhi watu wa mji hupanda kilimani kufanya mazoezi. Ukiwasalimia vizuri wanasimama. Bibi mmoja aliponiuliza natoka wapi na ninamtafuta nani, nilimwambia. Akasema babu yake alijifunza kusoma katika shule za kijiji za wakati ule, kisha akanionyesha njia kwa mkono wenye pete ya plastiki, akaendelea na mazoezi yake.

Nikiwa Zouping nililazimika kukubali jambo ambalo sikulipenda. Taasisi ile ilisimama kwa sababu ilikingwa na Han Fuju, gavana wa Shandong, jemadari aliyeshika mkoa kwa bunduki. Liang aliamini vijiji vinaweza kujengwa kwa elimu na maadili, lakini juu yake kulikuwa na mtu wa mabavu. Usilifiche hili katika kazi yako. Mtu akiandamwa baadaye, tunapata hamu ya kumsafisha tangu utotoni, na tukimsafisha tunampunguzia ubinadamu wake. Mao alimpinga kwenye jambo hilihili walipokutana Yan'an, makao ya Wakomunisti wakati ule, mapema mwaka 1938, wakizungumza hadi kunakucha. Mao alimwambia kwamba bila mapambano ya kitabaka hakuna kitakachobadilika vijijini. Liang alishikilia kwamba jamii ya China haijagawanyika kitabaka kama Ulaya. Walikuwa wamezaliwa mwaka mmoja, na waliachana kwa heshima.

Sasa 1953. Tarehe 11 Septemba, katika kikao cha Baraza la Mashauriano ya Kisiasa, Liang alisema maisha ya wafanyakazi wa mijini yameinuka haraka huku wakulima wakibaki nyuma. Alitaja maneno aliyosema ameyasikia: wafanyakazi wako juu mbingu ya tisa, wakulima wako chini ardhi ya tisa. Wakati huo serikali ilikuwa inaelekeza nguvu zake kwenye viwanda vizito, na mzigo wa chakula na malighafi ulikuwa mabegani mwa wakulima. Mao alikasirika. Kesho yake alijibu bila kutaja jina, na siku zilizofuata akamshambulia waziwazi. Tarehe 18 Liang alipanda jukwaani kujitetea. Alisema anataka kuona kama Mwenyekiti ana moyo mpana wa kumsikiliza na kukiri kosa. Ukumbi ukalipuka kwa kelele za kumtaka ashuke. Mao alikuwa tayari apewe dakika chache. Ikapigwa kura, Mao mwenyewe akinyoosha mkono aendelee, wengi wakakataa, na Liang akashuka.

Uwe mwangalifu sana na karatasi za siku ile. Hotuba ya Mao dhidi yake imo katika juzuu la tano la maandishi yake teule, lililotoka mwaka 1977, Mao akiwa ameshafariki. Simulizi za Liang mwenyewe zilitolewa miaka mingi baadaye, akiwa mzee sana na nchi imebadilika. Kila karatasi niliiwekea tarehe mbili, ya kuandikwa na ya kuchapishwa, na pembeni nikaandika nani alikuwa hai na nani alikuwa na madaraka. Ni kazi ya kuchosha. Lakini ndiyo iliyoniwezesha kutenganisha kilichosemwa ukumbini na kilichotungwa baadaye na pande zote mbili.

Hakufungwa. Watu wetu ninapowasimulia hushangaa hapo, kwa sababu tumezoea kwamba mtu akigombana na mkuu wa nchi ataishia gerezani au uhamishoni. Liang alibaki na kiti chake katika baraza na aliendelea kulipwa. Alichonyang'anywa ni nafasi ya kufundisha na kusikika. Mwaka 1955 makala za kumponda zilitoka kwa wingi, nyingine zimeandikwa na watu waliomfahamu. Nilizisoma maktabani kwenye chumba cha magazeti ya zamani, na baada ya siku kadhaa nikaanza kuumwa kichwa. Ukisoma matusi kwa saa nyingi, hata yakiwa ya mtu mwingine na ya miaka mingi iliyopita, yanakuingia. Yasome kwa kiasi, asubuhi, kisha toka nje ukale na wenzako. Na usimhukumu kila aliyeandika. Wengine walikuwa na wake na watoto, na walijua kukaa kimya kungehesabiwa kuwa kosa.

Jambo ambalo wanaompenda Liang huliruka ni kwamba uzeeni alijilaumu kwa namna aliyosema siku ile. Alisema mwenendo wake haukuwa mzuri na kwamba hakumwachia Mao nafasi. Nimewasikia watu wakiona huo ni udhaifu. Mimi naona ni mwendelezo wa mtu yuleyule. Confucius aliyemfuata alifundisha kujichunguza kwanza. Maneno yake juu ya wakulima hakuyafuta, alichojilaumia ni kiburi.

Sehemu iliyonivunja ni ya mwaka 1966. Tarehe 24 Agosti Walinzi Wekundu, vijana wa Mapinduzi ya Utamaduni ya Mao, waliingia nyumbani kwake Beijing. Alikuwa na miaka 72. Vitabu na michoro iliyokusanywa na familia kwa vizazi vilitolewa uani vikachomwa. Walipobeba kamusi mbili kubwa, Ciyuan na Cihai, aliwaomba waziache. Aliwaeleza kwamba ameazimwa na mwanafunzi wake wa mkoani, na zikiungua hataweza kumrudishia. Wakazitupa motoni, wakisema wao wana kamusi ndogo ya Xinhua na inawatosha. Nilipofika hapo nilifunga kitabu. Mtu anateketezewa urithi wa mababu zake, na neno pekee analotamka ni la kutetea mali ya mwanafunzi!

Nilitaka kuelewa moto ule ulikuwaje, nikamwendea mwalimu mstaafu niliyepanga naye jengo moja, ambaye wakati ule alikuwa mtoto wa shule. Nilikwenda na matunda, sikwenda na kinasa sauti. Miezi ya kwanza tuliongea habari za shule tu. Siku moja akasema mwenyewe, "Kitabu kinene hakiungui upesi, kijana wangu. Lazima ukifungue, uchane jalada, uchokoe kwa fimbo, hewa ipite. Tulikuwa tunachokoa." Nikasema, "Asante kwa kuniambia, Mwalimu." Hakuniambia vilikuwa vitabu vya nani, nami sikuuliza. Ukihoji wazee wa rika lile, usiulize walifanya nini. Uliza walikuwa wanakaa wapi, walikuwa wanakula nini, nani alikuwa anawafundisha hesabu. Usiwahoji wakiwa kundi, wala mbele ya watoto wao. Na usiandike jina la mtu yeyote kwenye daftari unalotembea nalo, maana wewe utarudi kwenu, wao wanabaki.

Baada ya uvamizi ule Liang na mkewe walibanwa kwenye chumba kidogo. Wiki chache baadaye alianza kuandika juu ya mafundisho ya Confucius na ya Buddha, yanapofanana na yanapotofautiana. Hakuwa na kitabu hata kimoja cha kurejea, kwa hiyo alinukuu kutoka kichwani. Ni andiko fupi na tulivu kabisa. Huwezi kujua kwa kulisoma kwamba nje ya dirisha kulikuwa na majivu ya maktaba yake. Hapa ndipo niliposhukuru kwa ule muhula wa makala za ujanani, kwa sababu niliyatambua mawazo: ndiyo yaleyale aliyoyaanza zaidi ya miaka 40 nyuma darasani. Hakutafuta ujasiri mpya siku ya shida. Alirudi kwenye kazi yake.

Mwaka 1974 nchi nzima ilitakiwa kumponda Lin Biao, jemadari aliyewahi kuwa mrithi mteule wa Mao, pamoja na Confucius. Liang alikaa kimya kwa muda katika kundi lake la mafunzo ya siasa, kisha akaeleza kwa kirefu kwa nini hawezi kumponda Confucius. Akasemwa vikaoni kwa miezi. Mwishoni, Septemba, alipoulizwa anajisikiaje, alijibu kwa maneno ya Confucius mwenyewe: jeshi zima laweza kunyang'anywa jemadari wake, mtu wa kawaida hawezi kunyang'anywa nia yake. Wakambana aeleze. Akasema mtu asiye na nguvu kabisa silaha yake ya mwisho ni nia. Unaweza kummaliza yeye mwenyewe, lakini hapo utakuwa umemuua, hujamnyang'anya nia.

Namrudia Feng Youlan, kwa sababu msomaji wa tasnifu yangu atakayetaka kumtukana huyu ili kumpandisha yule hatapata msaada wangu. Feng naye aliteswa, alifungiwa na wenzake chuoni, na mwaka 1973 aliandika dhidi ya Confucius. Baadaye alikiri kwa maandishi kwamba hakuwa mkweli. Mwaka 1985 Feng alipotimiza miaka 90, Liang alikataa mwaliko wa sherehe na akamwandikia wazi sababu: alimwona amejipendekeza kwa Jiang Qing, mke wa Mao. Desemba hiyo Feng, akisindikizwa na bintiye, alikwenda kumwona. Wazee wawili wa miaka tisini na zaidi, mwalimu na mwanafunzi wake wa zamani, wakakaa wakazungumza. Rasimu yangu ya kwanza ya sura hii ilikuwa na hukumu ndefu. Niliifuta yote nikaacha tukio lenyewe.

Jambo moja limebaki dogo mno katika tasnifu yangu, nalo ni Chen Shufen, mke wa pili wa Liang, aliyeolewa naye Guilin mwaka 1944. Siku ya uvamizi wa 1966 ni yeye aliyepigwa. Hakuwa amemjibu Mao, hakuwa amepanda jukwaa lolote. Katika vitabu vingi anapewa sentensi moja, wakati mwingine nusu, na mimi mwenyewe sikupata ya kutosha kumjengea sura kamili. Shajara za Liang ziko kwenye juzuu la nane, nazo zinamtaja katika mambo ya kila siku. Anayekwenda Beijing mwaka huu na anatafuta mada, na awe na Kichina cha kale na uvumilivu wa kuhoji taratibu, ningemwomba aanzie kwake. Daftari zangu zote nitampa.